Tetemeko Likija Nairobi, Hofia Mabonde Kabla ya Maghorofa

Septemba 2018, tetemeko la ardhi lilipopiga Palu, Indonesia, udongo uligeuka uji na mitaa mizima ikasombwa na ardhi iliyoibeba. Anayetazama maghorofa ya Upper Hill au Westlands ana haki ya kuuliza kama ya Palu yanaweza kutufika. Naona maghorofa hayo siyo ya kuhofiwa kwanza. Hatari kubwa iko mabondeni, kandokando ya mito, yalikolazwa mabomba ya maji taka.

Udongo haugeuki uji kwa kutikiswa tu. Sharti uwe wa mchanga au wa chembe laini zisizoshikana, maji yawe yamejaa kati ya chembe, na mtikisiko uwe na nguvu tena udumu. Kila ukitikisika, chembe hutaka kusongamana. Maji yakikosa pa kutokea, shinikizo lake hupanda hadi yakaubeba mzigo ambao chembe zilikuwa zikiubeba. Hapo ardhi hulegea na kutiririka. Muda basi si jambo dogo: tetemeko la Japani la Machi 2011, lenye ukubwa wa 9.0, lilitikisa kwa dakika kadhaa, na huko Urayasu, kwenye ardhi iliyojazwa pwani ya Ghuba ya Tokyo, mchanga na maji vilifoka barabarani ingawa kitovu kilikuwa mbali.

Sehemu kubwa ya Nairobi haina udongo wa namna hiyo. Kileleshwa, Lavington na Kilimani zimekaa juu ya udongo mwekundu uliofunika miamba ya volkano. Tambarare za kuanzia stesheni ya reli kuelekea mashariki zina udongo mweusi wa mfinyanzi, wenye vituko vyake vya kuvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, ila chembe zake hushikana. Ghorofa ambalo msingi wake umefika mwambani halitazama kwa sababu ya udongo kugeuka uji, hata kama lina kasoro nyingine.

Wapo watakaosema Nairobi haina matetemeko. Lakini tarehe 6 Januari 1928 Subukia, umbali wa kilomita 150 hivi, ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9 lililopasua ardhi waziwazi, na Julai 2007 mitikisiko kutoka upande wa Ziwa Natron iliwatoa wafanyakazi maofisini katikati ya jiji. Ni kweli, matetemeko ya Bonde la Ufa hutikisa kwa sekunde, si kwa dakika kama ya Japani. Hali hiyo inapunguza hatari. Haiifuti pale ambapo kifusi kimemwagwa kando ya Mto Nairobi au Kirichwa na maji ya ardhini yako karibu. Kifusi hicho si lazima kigeuke uji. Kikititia kidogo tu, au kikiteleza kuelekea mtoni, bomba limekatika.

Na maji taka hufuata mteremko, kwa hiyo mabomba makuu hufuata mabonde hayohayo. Huko Christchurch, New Zealand, baada ya tetemeko la Februari 2011 kuvunja mabomba ya maji taka, wakazi wengi walitumia vyoo vya muda kwa miezi. Hapa Nairobi, ambako mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata hata waliokula hotelini, uvujaji wa maji taka ni suala la hospitali kabla ya kuwa la wahandisi. Christchurch pia ilionyesha kuwa mabomba ya plastiki ya polithini yalipinda bila kukatika pale ambapo ya zege na ya udongo wa kuchomwa yalivunjika, na mabomba chakavu ya kando ya mito yetu yatabadilishwa tu siku moja, tetemeko lije lisije; basi yatakayowekwa yawe ya polithini.