Machicha Yanayopita Pembeni ya Kifumbu

Msomaji mwenye redio ya uBITX ya matoleo ya mwanzo anauliza: akirusha kwa wati 10 kwenye megahezi 7, jirani yake humsikia pia kwenye 21. Je, aongeze chujio? Hapana, asiongeze, chujio alilonalo halina kosa. Suala la jinsi redio inavyorusha mawimbi nitaliacha, vitabu vya sekondari vinalieleza vya kutosha. Neno la kuliitia wimbi hilo la 21, hata hivyo, siwezi kuliacha. Mafundi husema “hamoniki” na wanaelewana, ila neno lenyewe halimwonyeshi mgeni chochote. “Mwangwi” lingependeza masikioni, lakini mwangwi hurudi na sauti ileile, na hiki tunachokizungumzia hupanda. Mimi nachagua “vigawe”, neno analolijua kila aliyewahi kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) darasani: vigawe vya 7 ni 14, 21, 28, na hivyo hasa ndivyo vinavyotoka kwenye antena ya msomaji wetu. Huzaliwa kwenye transista mbili za mwisho, IRF510, zinapokamuliwa zitoe nguvu zote: wimbi laini hukatwa kichwa, na wimbi lililokatwa kichwa tayari limebeba vigawe.

Kazi ya kuviondoa vimepewa vichujio vinne vya koili na kapasita, na relei ndizo zinazochagua kipi kitumike. Ashhar Farhan wa Hyderabad, India, aliyeibuni redio hii, alivikokotoa sawasawa. Ukikipima kimojawapo peke yake kinafanya kazi yake. Tatizo liko kwenye relei. Katika bodi za mwanzo relei moja ilishika ncha zote mbili za chujio, pa kuingilia na pa kutokea, ndani ya kijisanduku kisichozidi ncha ya kidole. Fikiria mtu anayekamua tui. Kifumbu ni kipya, kimesukwa vizuri, hakuna tundu. Lakini anamiminia karibu mno na ukingo wake, na kila akimimina nazi iliyokunwa, kidogo humwagika ukingoni na kuangukia moja kwa moja kwenye tui. Akiona machicha, anashuku ususi: ananunua kifumbu cha pili na kukiweka ndani ya cha kwanza. Machicha yako palepale, kwa sababu hayakuwahi kupita kwenye ususi. Akinunua cha tatu, tui litachelewa tu kushuka, na kiasi kingine kitabaki kwenye nyuzi. Ndivyo wati za redio zinavyopotea kwenye koili za ziada.

Ukingo huo tunaweza kuupima kwa kalamu. Pini mbili za relei zilizokaribiana ni kapasita ndogo ambayo hakuna aliyeichora. Tuseme ni pikofaradi moja. Kwenye megahezi 21 kapasita hiyo ina ukinzani wa ohmu 7,600 hivi, na katika njia ya ohmu 50 inapunguza mawimbi kwa takriban desibeli 38 tu, hata kama chujio lenyewe linaweza 50 au zaidi. Panda hadi megahezi 63, punguzo linashuka hadi 28. Hapa ndipo utamu ulipo: chujio huzidi kukaza kadiri masafa yanavyopanda, na uvujaji nao huzidi kukua masafa hayohayo yanavyopanda. Sheria ya Marekani kwa redio za ridhaa chini ya megahezi 30 inadai desibeli 43, yaani sehemu moja kati ya 20,000. Kwa wati 10, hiyo ni nusu ya miliwati.

Atasema mtu: wati 10 ni kelele gani? Lakini wapo wanaowasiliana kati ya bara na bara kwa sehemu ya kumi ya wati, na kigawe cha tano cha megahezi 24.9 ni 124.5, katikati ya masafa wanayozungumzia marubani na minara ya viwanja vya ndege. Mwingine atasema antena iliyokatwa kwa megahezi 7 itakizuia kigawe. Haitakizuia; waya wa nusu-wimbi kwenye 7 ni nusu-wimbi tatu kwenye 21, na huko nako hurusha kwa raha zake.

Dawa ya vigawe ni umbali: relei moja iingize, nyingine itoe upande wa pili wa chujio, na shaba iliyofungwa kwenye ethi ikae katikati yao. Toleo la 5 lilishughulikia mpangilio huohuo wa relei. Mwenye bodi ya zamani anayetaka uhakika kabla ya kushika chuma cha kulehemu, na ashushe nguvu ya kurusha iwe kidogo kabisa, ainue mguu mmoja wa koili ya chujio linalotumika, kisha apime kwenye mzigo wa ohmu 50. Njia halali imekatwa. Kitakachosomeka hapo kimepita ukingoni.