Tezi dume: kimya kinachowagharimu wanaume

Mwanamume akianza kuamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo, hujiambia ni utu uzima. Mkojo ukitoka kwa matone, au ukimlazimu asimame muda mrefu kabla haujaanza, huvumilia. Huvumilia hadi siku unapoziba kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma, akakimbizwa hospitali kuwekewa mpira wa kutolea mkojo. Wengi huanzia hapo matibabu ambayo wangeyaanza mapema kwa vidonge.

Tezi dume ipo chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo. Ujanani huwa sawa na ndimu ndogo. Umri ukisogea hutanuka, na mtu akifika miaka 60 uwezekano wa kuwa nayo iliyotanuka ni karibu nusu kwa nusu. Kutanuka huko si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani. Zipo dawa za kulegeza misuli ya eneo hilo na nyingine za kuipunguza tezi yenyewe, ingawa hizi za pili huchukua miezi kuonyesha matokeo. Zikishindwa, daktari huweza kuikwangua kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Anayeachwa bila tiba anaweza kuharibikiwa figo, kwa kuwa mkojo usiotoka hurudisha shinikizo juu.

Saratani ya tezi dume ina tabia yake. Mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Mkojo unatoka vizuri na mtu anakwenda shambani. Maumivu ya mgongo au nyonga yanapomleta hospitali, huenda imekwishafika kwenye mifupa. Ndiyo maana kusubiri dalili hakumsaidii mtu, na hili nalisema kwa uchungu, maana ndivyo tunavyowapoteza baba zetu.

Kinachowazuia wengi kwenda kupima ni kipimo cha kidole, kinachopitia njia ya haja kubwa. Kijiweni kinazungumzwa kama fedheha, ilhali humalizika kwa muda mfupi sana na humwonyesha daktari kama tezi ina uvimbe mgumu. Kuna pia kipimo cha damu, PSA. Kiwango chake kikipanda si hukumu: maambukizi ya mkojo hukipandisha, kutanuka kwa kawaida pia. Daktari ndiye wa kuamua kama picha au kipimo cha kinyama kutoka kwenye tezi vinahitajika, na baadhi ya saratani hizi hukua taratibu kiasi kwamba hufuatiliwa tu. Maswali kuhusu hayo yote yaulizwe kabla ya kupima.

Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, akiwa bado madarakani, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, na nchi nzima ikajua. Nelson Mandela naye aligundulika na saratani ya tezi dume mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hadi 2013 akiwa na miaka 95. Kama wakubwa hawa waliruhusu maradhi yao yajulikane, sioni kwa nini baba wa Temeke au Likoni amfiche hata mkewe.

Na asiwafiche wanawe wa kiume. Mwenye baba au ndugu wa damu aliyeugua saratani hii ana hatari takribani maradufu, na wanaume wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi ya wengine. Kijana wa aina hiyo anashauriwa azungumze na daktari kuhusu kupima akiwa na miaka 40 hadi 45, asingoje 50. Hawezi kujua hivyo kama ugonjwa wa baba uliitwa “mgongo” hadi siku ya mazishi.