Shibe na Sitara: Nani Astahiliye Chakula cha Shule?

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi mwenye shibe ndiye apewaye kalamu aamue ni mtoto yupi wa kula bure shuleni. Hapo ndipo penye uzito, ndugu wasomaji. Kupika si tatizo; wanawake wetu huipikia arusi ya watu elfu wakaimba juu yake. Tatizo ni kumchagua mlaji bila ya kumvunjia heshima.

Wenzetu wa ng'ambo hupima mifuko. Marekani, iliyotunga sheria ya chakula cha mchana shuleni mwaka 1946, humlisha mtoto bure ikiwa pato la nyumba yao halizidi asilimia 130 ya kiwango cha umasikini kilichowekwa na serikali. Akipita hapo hadi asilimia 185, hulipa bei ndogo isiyozidi senti 40. Huko England, tangu mwaka 2018, jamaa zipokeazo msaada mkuu wa serikali ziliwekewa mpaka wa pauni 7,400 za pato la kazi kwa mwaka. Je, apataye pauni 7,401, wanawe huota matumbo mengine? Juni 2025 serikali yao ilitangaza kuwa mpaka huo utaondolewa kuanzia Septemba 2026.

Hesabu hizo zina hoja, kwani mali ya umma ni amana. Lakini zina dosari mbili. Kwanza ni fomu: mzazi asiyejua kusoma, au aonaye haya, haijazi, na mwanawe ndiye ashindaye na njaa. Pili ni aibu. Watoto wana macho. Akijulikana kuwa fulani ni wa bure, tonge humgeukia mwiba kooni. Wahenga wetu walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Wamarekani nao waliliona hilo, na sheria yao ya mwaka 2010 ikaruhusu shule zenye masikini wengi ziwalishe wote bila ya kuulizana.

Kwetu Kenya njia ilikuwa nyingine. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1979, yalikusudiwa kila mtoto wa shule ya msingi, awe wa waziri au wa hamali, hata yakakatika katika miaka ya tisini. Mpango wa chakula cha mchana, ulioanzwa na serikali pamoja na Shirika la Chakula Duniani mwaka 1980, ulichagua nchi kavu, haukuchagua mtu. Shule ikishaingia, wote wala mahindi na maharagwe yale yale. Mwaka 2018 shirika hilo liliikabidhi serikali mzigo wote.

Nami nilisoma chuoni kwa maalimu, na siku ya hitima sinia lilikuwa moja, wala hatukujua mchele umetoka kwa baba wa nani. Ile ndiyo sitara.

Ila kuchagua mahali nako kuna waachwao nje. Mtoto wa mvuvi wa Mombasa, siku ambayo kusi yamzuia babake kwenda baharini, ana njaa ile ile ya mwenziwe wa Tana River, lakini mji wake hauhesabiwi kuwa nchi kavu. Nairobi ilijaribu njia ya tatu mwaka 2023: mzazi alipa shilingi 5 kwa sahani, iliyobaki yalipwa na kaunti na wenziwe, na mtoto hugusisha bangili ya mkononi akapakuliwa. Vizuri, lakini mwenye watoto wanne hutoa shilingi 20 kwa siku, yaani 400 kwa mwezi wa siku 20 za masomo. Kwa kibarua aliyekosa kazi, hizo ni nyingi.

Rai yangu ni hii: haki ya kula ipimwe kwa shule, isipimwe kwa mtoto. Ikiwa lazima wengine walipe, basi asiyelipa ajulikane na mwalimu mkuu pekee, na daftari lifungiwe kabatini. Mbele ya sufuria, mpishi asijue ila idadi ya sahani.