Kusema Kidogo, Kumaanisha Kikubwa



Wengi wetu tulijifunza Kilatini na Kifaransa mbele ya Kiingereza. Basi tukizungumza na Mwingereza, pengine tunafahamu maneno yote, na hata hivyo maana inatupita. Sababu moja ni hii: Mwingereza hupenda kupunguza. Jambo ni kubwa, naye analitaja kama dogo. Darasani tuliita namna hiyo litote. Kwao ni adabu ya kila siku.

Namna zake ni tatu hasa:

1. Kukana kinyume. Akisema kazi yako ni «not bad», yaani si mbaya, mara nyingi anakusifu. Sisi vilevile tunasema «si haba».

2. Kutia neno dogo. «A bit», yaani kidogo, huwekwa hata mbele ya shida kubwa.

3. Kutanguliza masikitiko. Akianza na «I am afraid», haogopi kitu. Anakutayarisha kusikia habari isiyopendeza.

Jihadharini na «quite good». Mwingereza mara nyingi anataka kusema: kizuri kiasi tu, Mmarekani: kizuri sana.

Kutofahamiana huko kwaweza kuleta hatari. Mwezi wa Aprili 1951, katika vita vya Korea, askari Waingereza wa kikosi cha Gloucestershire walizungukwa na Wachina wengi mno karibu na mto Imjin. Husimuliwa kwamba mkubwa wao, Brigedia Brodie, alimwambia jenerali Mmarekani ya kuwa mambo ni magumu kidogo. Kwa Mwingereza, hicho kilikuwa kilio. Mmarekani alifahamu: wangali wanaweza kushikilia. Tarehe 25 kikosi kilishindwa, na wengi wa askari wake walitekwa. Hatusemi kwamba neno moja liliwaangamiza, maana adui alikuwa na nguvu sana. Lakini saa ya hatari, neno lililopunguzwa halikufika.

Je, kupunguza ni uwongo? Mtakatifu Tomasi wa Akwino, katika Summa (II-II, swali 113), anapambanua vema. Mtu akificha makubwa yaliyo ndani yake na kutaja madogo yaliyo ya kweli, hakosi. Akijisingizia ubaya asiouona ndani yake, anaacha ukweli, naye anakosa.

Maandiko Matakatifu nayo yanaijua namna hii. Mtume Paulo, akisema kwamba Tarso si mji usio na sifa (Matendo 21, 39), anausifu. Akisema kwamba haionei haya Injili (Warumi 1, 16), asidhani katekista kuwa Mtume ameepa aibu tu: anajivunia Injili hiyo, naye atateswa kwa ajili yake.

Basi tushike mambo mawili. Kwanza, tukisikiliza, tupime neno kwa hali ya msemaji. Padri akiitwa kwa mgonjwa Mwingereza, naye mgonjwa akasema anajisikia vibaya kidogo tu, padri asirudi nyumbani na Mafuta Matakatifu mfukoni. Amtazame uso, aulize tena. Pili, tukisema, tupunguze sifa zetu wenyewe, tusipunguze kamwe mateso ya wengine. Na mbele ya mtu asiyeijua desturi hii, tuseme wazi: neno ni la kumfikia msikilizaji, si la kumpendeza msemaji.