Ukweli Uliopoteza Tarehe: Soga za Simu na Kompyuta katika Njia Panda ya Kombani

Kombani, katika Kaunti ya Kwale, ni njia panda ambapo barabara itokayo Likoni kuelekea Ukunda, Msambweni na mpaka wa Lunga Lunga hutoa tawi linalopanda hadi mji wa Kwale, na kwa sababu hiyo wasafiri wanaobadilisha matatu, wachuuzi wa sokoni, wanafunzi, wahudumu wa bodaboda na mafundi wa simu hukutana hapo kila siku. Mahali pa namna hiyo habari hupita pamoja na watu, na miongoni mwa zinazopita kwa wingi siku hizi ni habari za vifaa: simu ipi imetoka, kompyuta ipi ya mtumba inafaa, programu gani itaacha kufanya kazi, na serikali imeamua nini kuhusu laini. Soga hizi za maskani, ambazo kwa sikio la mpita njia huonekana kuwa porojo, hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na majarida ya wataalamu na maduka yenye washauri, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida huuliza kijiweni kwanza kabla ya kutoa pesa zake.

Kasoro yake kubwa ni tetesi. Hata hivyo, anayezichunguza tetesi za simu na kompyuta zilizovuma nchini Kenya tangu mwaka 2012 ataona kwamba nyingi hazikuwa uongo mtupu, bali habari za kweli zilizopoteza mipaka yake njiani, yaani zilipoteza tarehe, au nchi, au aina ya kifaa kilichohusika, kisha zikabaki tishio kwa kila mtu.

Bei, boksi na kilichomo ndani

Soga za vifaa huanzia kwenye bei. Kwa muda mrefu simu ya mwananchi wa kawaida ilikuwa ile ya vibonye, iliyopewa jina la mzaha la mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, hadi mwaka 2011 Safaricom ilipouza simu ya Ideos, iliyotengenezwa na Huawei, kwa takriban shilingi 8,000, na hivyo kuufikisha Android, mfumo endeshi wa Google unaoziwezesha simu kuendesha programu za kila aina, kwenye mifuko ya watu wengi zaidi. Baadaye zikaenea Tecno, Itel na Infinix, ambazo mashabiki wake hubishana kama wafuasi wa timu hasimu, ilhali zote tatu ni mali ya kampuni moja, Transsion ya Shenzhen nchini China. Mwaka 2020 ukaja mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom na Google, ambapo mteja alilipia simu kuanzia shilingi 20 kwa siku, na Oktoba 2023 kikazinduliwa kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, ambacho simu zake za kwanza za Neon ziliuzwa kuanzia shilingi 7,499.

Historia hii fupi inaeleza kwa nini mabishano ya kijiweni huwa makali. Anayenunua simu kwa malipo ya kidogo kidogo, huku akijua kwamba itajifunga akichelewa kulipa, hana nafasi ya kukosea, kwa hiyo hutaka kujua kwa hakika boksi linaahidi nini. Mfano mzuri ni RAM, yaani kumbukumbu ambamo simu huweka kazi inazozifanya kwa wakati huo, na ambayo hufutika simu inapozimwa, tofauti na hifadhi, ambamo picha, nyimbo na programu hukaa siku zote. Watengenezaji kadhaa siku hizi huandika kwenye boksi gigabaiti 4 kujumlisha 4, na muuzaji humtajia mteja nane. Lakini nne za pili ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa kusaidia RAM, na kwa kuwa hifadhi huandika na kusoma polepole zaidi, simu hiyo haiwezi kulingana na ile yenye nane kamili. Maelezo kama haya mnunuzi huyapata kwa fundi au kwa mwenzake aliyetangulia kununua, na mara chache huyakuta yameandikwa wazi kwenye tangazo.

Ndivyo ilivyo pia kwa kadi za kumbukumbu. Kadi bandia huandikwa gigabaiti 512 kwa nje, na kichipu kinachoisimamia huwa kimechezewa ili kiiambie simu vivyo hivyo, ingawa nafasi iliyomo ni ndogo mno, kwa hiyo ikishajaa, mafaili mapya huandikwa juu ya yale ya zamani na picha huharibika bila onyo. Dawa inayojulikana na mafundi ni kuijaza kadi mafaili makubwa hadi mwisho na kuyafungua yote, kabla ya kuiwekea kitu cha thamani. Hapa soga inadhihirisha ubora wake, kwa maana dai linaweza kupimwa kwa kifaa kilicho mezani, na mwongo huumbuka mbele ya wote.

Simu kuzimwa: lisemwalo lipo

Mambo hubadilika pale dai lisipoweza kupimwa mezani, hasa linapohusu uamuzi wa serikali au wa kampuni ya mbali. Tetesi ya simu kuzimwa ndiyo mfano mkubwa zaidi nchini Kenya, na nguvu yake inatokana na tukio la kweli. Tume ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo sasa ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliagiza simu bandia zikatwe kwenye mitandao ifikapo mwisho wa Septemba 2012, baada ya tarehe ya awali kusogezwa. Kipimo kilichotumika ni IMEI, yaani nambari yenye tarakimu 15 ambayo kila simu halali hupewa peke yake, na ambayo tarakimu zake nane za mwanzo hutambulisha aina ya simu. Simu nyingi za bandia hazikuwa na nambari halali, au zilitumia nambari moja kwa maelfu ya simu. Mwenye shaka alibonyeza *#06# ili aione nambari yake, kisha akaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1555 apate jibu. Siku ilipofika, zaidi ya simu milioni moja zilikatwa.

Waswahili husema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kwa waliopoteza simu zao mwaka 2012 methali hiyo ilithibitika. Lakini methali hiyo haisemi jambo litakuja lini wala litamfika nani, na hapo ndipo penye pengo linalojazwa na uvumi. Mwezi Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025 simu zitakazoingia sokoni zitaruhusiwa kwenye mitandao iwapo tu nambari zake za IMEI zimewasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya na ushuru wake umelipwa. Tangazo hilo lilieleza waziwazi kwamba simu zilizokuwa zikitumika kufikia Oktoba 31, 2024 hazingeguswa. Sentensi hiyo moja ingetosha kuwatuliza watu wengi mno, lakini sentensi ya namna hiyo ndiyo hudondoka kwanza habari inaposimuliwa kwa mdomo, kwa sababu msimulizi huanza na la kutisha na msikilizaji huondoka kabla ya msamaha kutajwa.

Kwa pwani ya kusini jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu familia nyingi zina jamaa wanaofanya kazi Oman, Dubai na kwingineko katika Ghuba, na simu ni miongoni mwa zawadi wanazotuma au wanazorudi nazo. Swali la iwapo simu ya zawadi nayo ilihitaji kutangazwa mpakani lilikuwa la haki, na kwa hakika utaratibu ule uliwataka wasafiri watangaze simu zao wanapoingia nchini. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitoa amri ya kusimamisha utekelezaji wake, lakini amri ya mahakama haina mvuto wa tishio, na habari ya kusimamishwa husafiri kwa mwendo wa pole kuliko ile ya kuzimwa.

WhatsApp, Windows na betri

Upotevu wa tarehe huonekana vizuri zaidi katika ujumbe unaorudi kila baada ya muda, ukidai kwamba WhatsApp itaanza kutoza pesa na kwamba atakayeusambaza kwa watu kadhaa atasamehewa. Sehemu ya kusambaza ni uzushi, lakini suala la malipo lina asili, kwa kuwa WhatsApp kweli ilikuwa na ada ya dola moja kwa mwaka katika nchi mbalimbali, hadi ilipoifuta Januari 2016. Ukweli wa zamani umepewa sura ya habari ya kesho. Kampuni hiyo ilipunguza kasi ya jumbe za namna hii mwezi Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, kwa kuufanya ujumbe uliokwisha sambazwa mara nyingi uweze kutumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja.

Tetesi nyingine hupoteza aina ya kifaa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zenye Android 4.4 na matoleo yaliyoitangulia, yaani mfumo endeshi wa mwaka 2013 kurudi nyuma, na ni rahisi kwa habari hiyo kufika mbali ikiwa imebaki na maneno mawili tu: WhatsApp inafungwa. Vivyo hivyo Microsoft iliposema kwamba msaada wa Windows 10 ungekoma Oktoba 14, 2025, maana yake haikuwa kwamba kompyuta zingezimika siku hiyo, bali kwamba masasisho ya bure ya usalama, yanayoziba mianya inayotumiwa na wadukuzi, yangefikia mwisho. Kwa wanunuzi wa kompyuta za mtumba tofauti hiyo ni pesa, kwa kuwa nyingi kati ya mashine za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, na muuzaji asiye mwaminifu anaweza kumtisha mteja aitupe mashine nzima, au kumficha jambo hilo amuuzie iliyopitwa na wakati.

Imani kuhusu betri nazo ni ukweli uliohama kifaa. Kanuni ya kuchaji simu mpya kwa saa nane kabla ya kuiwasha, na ile ya kuiacha iishe kabisa ndipo ichajiwe, zilikuwa na maana katika enzi za betri za nikeli na kadmiamu, ambazo zikichajiwa ovyo zilipungua uwezo. Betri za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991 na ambazo sasa zimo katika takriban kila simu, hazihitaji mambo hayo, na huchakaa haraka zaidi zikimalizwa kabisa mara kwa mara au zikikaa kwenye joto. Kwa anayeishi Diani au Tiwi adui mkubwa ni joto la kaskazi na hewa ya chumvi inayokula tundu la chaja, na jambo hilo mafundi wa pwani huliona kwa macho yao kila wanapofungua simu.

Pasipo na kipimo

Yako maswali ambayo kijiwe hakiwezi kuyaamua. Mei 12, 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, kwa sababu sehemu kubwa ya mawasiliano na mabara mengine hupitia nyaya hizo zinazotua Mombasa na miji mingine ya pwani. Mwezi uliofuata, Juni 25, siku ya maandamano makubwa dhidi ya Mswada wa Fedha, intaneti ilivurugika tena nchini Kenya. Safaricom ilitaja hitilafu ya nyaya za baharini, huku wengi wakiamini kwamba serikali ndiyo iliyoibana. Mtumiaji aliyeketi Kombani alikuwa na ushahidi mmoja tu, yaani simu isiyofungua ukurasa, na ushahidi huo ulikubaliana na maelezo yote mawili. Katika hali hiyo watu huchagua maelezo kwa kadiri wanavyomwamini msemaji, na imani ya namna hiyo hujengwa kabla ya siku ya dharura.

Kutokana na mifano hii inaonekana kwamba mtu hana haja ya kuwa mhandisi ili achekeche tetesi. Akiuliza jambo limetangazwa na nani, linaanza lini, linahusu nchi gani na kifaa cha aina gani, mara nyingi atairudishia habari mipaka yake, na hofu itapungua bila mtu yeyote kuitwa mwongo. Jumbe ambazo haziwezi kujibu hata swali moja kati ya hayo, kama ule unaodai kwamba alama ya tatu kwenye WhatsApp inaonyesha kuwa serikali imesoma ujumbe, ndizo uzushi halisi, na idadi yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Mzigo huo, hata hivyo, haupaswi kubebwa na kijiwe peke yake. Matangazo yaliyozaa uvumi mkubwa zaidi yalihusu mamilioni ya watu wa kawaida, ilhali vipengele vyake vya muhimu, kama nani hahusiki na tarehe ipi inahesabiwa, hukaa ndani ya taarifa ndefu za Kiingereza. Mamlaka ikitaja kwanza wasioguswa, kwa Kiswahili, kwa njia ya redio na ujumbe mfupi unaofika hata kwenye mulika mwizi, sehemu ambayo hudondoka njiani itakuwa ndiyo ya kwanza kusimuliwa, na soga za Kombani zitabaki na kazi zinayoiweza vizuri, ambayo ni kupima vifaa na kumkinga mnunuzi asiibiwe.