Dawa za Kupunguza Asidi kwa Mbwa na Paka: Zinafaa Lini?

Mfugaji anayemwona mbwa au paka wake akitapika mara nyingi hukimbilia dawa zake mwenyewe za vidonda vya tumbo. Ni kweli kwamba madaktari wa mifugo nao hutumia omeprazoli na famotidini. Hata hivyo, si kila mnyama anayetapika huwa na asidi iliyozidi. Minyoo, sumu, mfupa uliokwama, ugonjwa wa figo au wa kongosho vyote huweza kumtapisha.

Famotidini huzuia histamini isichochee chembe za tumbo kutoa asidi. Ikitolewa mfululizo, mwili huizoea na nguvu yake hupungua. Omeprazoli hufunga pampu yenyewe inayotoa asidi, hivyo hufanya kazi vizuri zaidi. Mwongozo wa mabingwa wa magonjwa ya ndani ya wanyama wa Marekani, uliotolewa mwaka 2018, unapendekeza itumike mara mbili kwa siku kutibu vidonda vya tumbo kwa mbwa na paka. Mwongozo huo hauungi mkono kuitumia kwa kila uvimbe mdogo wa tumbo, wala kuichanganya na famotidini.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Kwa hiyo kapsuli ya miligramu 20 humtosha mbwa wa kilo 20, lakini paka wa kilo 4 akipewa yote atakuwa amepata mara tano ya kipimo chake. Punje zilizomo ndani zisisagwe, kwa kuwa utando wake huikinga dawa isiharibiwe na asidi. Hutolewa kabla ya chakula. Mnyama aliyeitumia kwa wiki tatu au nne apunguziwe hatua kwa hatua, kwani kuikatiza ghafla huweza kuifanya asidi ipande kupita kiasi.

Chanzo kimoja kikubwa cha vidonda hivi ni dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki humchimba mbwa tumbo na kudhuru figo zake. Parasetamoli, hata kidonge kimoja, huweza kumuua paka. Kumpa mnyama omeprazoli huku akiendelea kumezeshwa diklofenaki ni kuteka maji kwa pakacha.

Muuzaji wa duka la dawa anayeombwa dawa ya mbwa au paka anapaswa kuuliza kwanza: mnyama ana uzito gani, amekula nini, na amepewa dawa gani nyumbani? Mnyama anayetapika damu, mwenye kinyesi cheusi kama lami, fizi zilizopauka, tumbo lililovimba au anayekataa chakula kwa siku nzima asiuziwe dawa yoyote. Afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dalili hizo huweza kumaanisha kwamba kidonda kinavuja damu au kimetoboka, na hapo kapsuli pekee haitamwokoa.