Kwa Nini Tauni Hupungua

Wasikilizaji wetu, maradhi ya kuambukiza huanza kwa watu wachache, huenea, kisha hupungua. Hapo watu husema, "Maradhi yamechoka." Leo twataka kuonyesha kwamba maradhi hayachoki.

Na tutazame Lushoto. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika vijiji vya milima ya Usambara, ikawa yarudi kwa miaka zaidi ya 20. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na mamia wakafa. Mwaka mmoja wagonjwa walikuwa wengi, mwaka mwingine wachache, kisha wakazidi tena. Sababu yake ni nini?

Tauni ni maradhi ya panya kwanza. Kiroboto hunyonya damu ya panya mgonjwa, kisha humwuma panya mwingine. Panya akifa na mwili wake ukapoa, viroboto humwacha wakatafuta damu penginepo. Na mtu alalaye sakafuni, chini ya dari yenye mahindi, yu karibu nao.

Sasa tufanye hesabu. Panya mmoja akiambukiza wawili, hao wawili huambukiza wanne, na wanne huambukiza wanane. Lakini panya wengi wakiisha kufa, na baadhi ya waliosalia wakawa wamepona, wasioshikwa upesi tena, basi wanane huambukiza wanne tu, na wanne wawili. Ndipo maradhi hushuka, kama moto uliokosa kuni.

Nasi twaweza kuziondoa kuni hizo. Nyumba hunyunyizwa dawa ya unga ili viroboto wafe. Panya wauawe baadaye. Kwani tukiwaua kwanza, viroboto wenye njaa watatugeukia sisi. Mgonjwa naye apelekwe hospitali mara aonapo homa na mitoki. Dawa humponya akiwahi, tena huzuia tauni isifike mapafuni, ambako huweza kuambukiza wengine kwa kikohozi.

Lakini angalieni: panya huzaa upesi. Baada ya miezi michache wamekuwapo panya wapya ambao hawajapata kuugua. Kuni zimeota tena. Kwa hiyo wagonjwa wakipungua, huo si wakati wa kupumzika. Ndio wakati wa kuweka nafaka mbali na panya, kuacha kulala sakafuni, na kupeleka habari ya panya waliokufa ovyo, bila kuwagusa kwa mikono.